Frasila Nne za Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Tumbari, mji wa nyumba za mawe na ngazi nyingi kuliko watu wa kuzipanda, paliondokea mtu mmoja fukara, jina lake Faki, na watu wakimwita Faki Mvunjaji. Jina hilo hakupewa kwa matusi, maana kuvunja ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Fundi akiisha kutengeneza kigoda cha namna mpya, kabla hajatengeneza vingine vya kuuza, humwita Faki, na Faki hukikalia, hukirukia, hukipakia magunia ya mchanga moja juu ya jingine hata kikaalika. Kisha huchuchumaa, akatazama palipokatika, akamwambia fundi, "Mguu huu wa kushoto, bwana fundi, umeutobolea tundu pana. Vingine vitoboe kwa tundu jembamba, vitakaliwa mpaka na wajukuu." Basi fundi huenda akatengeneza vingine ishirini, na kile kilichovunjika humpa Faki kiwe ndio ujira wake, pamoja na sahani ya wali.

Ikawa nyumba ya Faki imejaa mali ambayo mwizi asingeitaka hata kwa kubembelezwa. Kitanda chake kilikuwa na miguu mitatu na jiwe. Mtungi wake ulijaa nusu, kwa kuwa nusu ya juu haikuwapo. Wapita njia walimcheka, wakasema, "Tazameni mpumbavu yule, wenzake wanaunda, yeye anabomoa." Lakini mafundi hawakumcheka, maana kila mmoja alijua kazi ya mikono yake itavunjikia wapi na kwa uzito gani, na Faki aliyashika yote hayo kichwani, kwa sababu kuandika hakujua.

Na mji huo ulitawaliwa na Sultani Mundhiri, mtu mwema kila alipokuwa ameshiba, na aghalabu alikuwa ameshiba. Katika jumba lake palikuwa na ada mbili ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Ya kwanza iliitwa heshima ya kwanza: kila kitu kipya cha jumba, kiwe kitanda, kiwe kiti, kiwe kibao cha hamamu, kisikaliwe na mtu kabla ya Sultani mwenyewe, kwani kukijaribu ni kumshuku fundi wa Sultani, na kumshuku fundi wa Sultani ni kumshuku Sultani. Ada ya pili ilikuwa ya uzito. Siku Mundhiri alipotawazwa alitiwa mizanini na kupimwa kwa tende, tende zikagawiwa maskini, na karani akaandika katika daftari la jumba kwamba Sultani ni frasila nne. Wakati huo alikuwa kijana mwembamba mwenye shingo ndefu. Tangu siku hiyo ilipita miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo Sultani alikula, ila daftari halikula.

Basi ada hizo mbili zikazaa mambo. Kilipoletwa kitanda kipya cha samadari, Sultani alikipanda, na jumba zima likasikia kishindo. Waliokuwa nje ya mlango wakatazamana, kisha malenga wa Sultani akatunga papo hapo beti mbili kueleza jinsi ardhi ilivyomtamani Bwana hata ikamvuta kwake. Fundi wa kitanda akatiwa gerezani kwa kosa la kumtukana Sultani kwa mbao. Kikaja kigoda cha barazani, kikafanya vivyo hivyo, malenga akatunga tena, na fundi wa kigoda akamfuata mwenziwe. Kwa muda wa miaka michache gereza la Tumbari likawa na mafundi wazuri kuliko soko lake.

Hata mwaka mmoja, zikiwa zimebaki siku chache kufika Idi Kubwa, magoti ya Sultani yakakataa ngazi. Ngazi za jumba zilikuwa arobaini na mbili, na juu yake ndiko kulikokuwa na roshani ambayo Sultani husimama asubuhi ya Idi kuwapa watu mkono wa heri kwa mbali. Ndipo Waziri Badawi, aliyekuwa mjuzi wa hesabu na ambaye hajapata kukosea kujumlisha tangu azaliwe, akachora katika karatasi kiti cha kupaa. Kiti hicho kitafungwa kamba, kamba itapita katika kapi, yaani gurudumu la mti lililotundikwa kwenye boriti juu ya roshani, na wanaume sita waliosimama uani wataivuta, naye Bwana atapanda hewani ameketi, kama ndoo itokavyo kisimani. Sultani alipouona mchoro alifurahi sana, akauliza swali moja tu, kama patakuwa na mto wa kukalia.

Kazi ya kukiunda akapewa Shaame seremala, mume wa Mwanakombo, na Mwanakombo huyu alikuwa dada yake Faki, tumbo moja.

Shaame akaunda kiti kama karatasi ilivyosema, kipimo kwa kipimo, na kilipokwisha akaenda kwa Faki, akajikalisha juu ya kasha lisilo na kifuniko, uso umemsawijika.

"Shemeji," akasema, "kiti kimekwisha. Ni kizuri, kila mtu anakisifu."

"Umekivunja?" Faki akamwuliza.

"Nitakivunjaje, nawe waijua ada? Hata kukikalia sikukikalia. Hata kuegemea sikukiegemea."

"Basi hukukimaliza," akasema Faki. "Kiti hakijaisha mpaka kimevunjika kimoja. Na hiki hakikai chini kama kigoda, shemeji. Kigoda kikivunjika, mtu huanguka kiasi cha shubiri mbili, akainuka, akajikung'uta. Hiki kikivunjika, ni ngazi arobaini na mbili kwa mara moja."

Shaame akainamisha kichwa, akasema, "Nalijua hilo. Kila nikifumba macho naliona. Atakufa yeye asubuhi, nami jioni, na dada yako atavaa kaniki na watoto wake wanne."

Faki alimpenda shemeji yake, na dada yake alimpenda zaidi, maana ile sahani ya wali siku ambazo hakuna cha kuvunja ilitoka jikoni kwake. Moyo ukamwuma kweli. Jumatatu ilipofika, siku ambayo Sultani husikiliza watu barazani, akavaa kanzu yake yenye mkono mmoja na nusu, akaenda, akangoja zamu yake, akasema, "Bwana wangu, nimekuja kukupa habari kwamba kiti chako hakijavunjwa bado."

Waziri Badawi akasema, "Bwana amesikia mwenyewe. Mtu huyu anakitakia kiti cha Sultani kivunjike."

"Namtakia Sultani asivunjike," akajibu Faki. "Kati ya viwili hivi lazima kimoja kitangulie, nami naona afadhali kiti."

Sultani akamwuliza yeye ni nani, akaelezwa, na watu wakacheka. Sultani naye akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba ameudhika. Akasema, "Ewe mvunjaji, Waziri wangu amekwisha kupiga hesabu. Kiti kitachukua frasila nne na nusu, nami ni frasila nne kama ilivyoandikwa. Yabaki nini?"

"Hesabu ni nzuri, Bwana wangu. Lakini mti haujui kusoma, wala chuma, wala kamba. Mimi nimezoea kuviuliza vyenyewe."

"Vyema," akasema Sultani, na sauti yake ikawa ya mtu aliyepata mchezo. "Viulize. Asubuhi ya Idi, mbele ya watu wote, uniambie kama kiti kitanichukua ama hakitanichukua. Lakini mtu asikikalie kabla yangu, mnyama asikikalie, wala mzigo usiwekwe juu yake, hata unyoya, kwani kitakachotangulia kukalia kiti hicho kimeninyang'anya heshima yangu. Na uzito wangu ni frasila nne, atakayesema vingine ni mwongo na atafungwa. Ukisema kitanichukua nawe hukukijaribu, u mwongo. Ukisema hakitanichukua nawe hukukijaribu, umenitukana. Na ukikosa la kusema, utaingia gerezani wewe na shemeji yako, mkavunje mawe huko mpaka mchoke."

Faki akainama, akasema, "Nimesikia na nimetii. Naomba kitu kimoja tu, niingie katika ghala ya vitu vilivyovunjika." Sultani akaona ombi hilo ni la kipumbavu kama mwombaji, akamruhusu.

Basi Faki akaingia ghalani, na humo akajisikia yuko kwao. Alikuta kitanda cha samadari kimelala kifudifudi, akakipapasa pale kilipokatika, akakijua, maana fundi wake alimwita zamani avunje cha kwanza cha namna ile, nacho kilikatika kwa frasila nane na nusu, mahali pale pale. Akakuta na kigoda cha barazani, na ndugu wa kigoda hicho alikwisha kumvunja kwa frasila saba. Kisha akaenda kuchungulia hamamu, akakiona kibao cha mvule ambacho Sultani hukikalia kila siku anapoogeshwa, akakitazama juu na chini, asione ufa. Vibao vya fundi yule hupasuka kwa frasila kumi. Faki akasimama akihesabu kwa vidole. Zaidi ya nane na nusu, chini ya kumi. Akajisemea moyoni, "Tisa," kisha akaziba mdomo kwa mkono, ijapokuwa hakutoa sauti, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulitenda kosa la kufungwa.

Sasa uzito ameupata, lakini hana pa kuuweka. Siku mbili alizunguka mji akiwaza, na kila aliyekutana naye alimpa pole kana kwamba amekwisha kufungwa. Siku ya tatu, saa saba ya mchana, akaingia jikoni kwa dada yake, akaketi kando ya meko. Mwanakombo alikuwa amevimba macho kwa kulia, na alipomwona nduguye akaongeza ukali juu ya machozi.

"Nani alikutuma barazani?" akasema. "Mume wangu alikuwa katika hatari moja, wewe umemtia katika mbili. Watu wengine wana kaka, mimi nina mkosi. Haya, kula."

Akanyoosha mkono juu kuteremsha chakula. Na juu ya meko, kama ilivyo katika majiko yote ya Tumbari, palining'inia susu, ule wavu wa kamba wa kuwekea vyakula paka wasivifikie. Susu ya Mwanakombo ilikuwa ya ghorofa mbili, maana ya pili alikuwa ameifunga chini ya kwanza. Ile ya juu ilikuwa tupu. Ya chini ilikuwa na bakuli la wali na kipande cha papa.

Faki akaitazama, mkono wake ukiwa umekwisha kuelekea kwenye bakuli. Akasema, "Dada, bakuli hilo linashikwa na nini?"

"Na susu ya chini."

"Na susu ya chini inashikwa na nini?"

"Na ya juu. Umekuwaje?"

"Na juu ya hiyo ya juu pana nini?"

"Hapana kitu. Faki, kaka yangu, usipandwe na wazimu leo, nina mengi."

Faki akamkumbatia dada yake pamoja na mwiko aliokuwa ameshika, akala wali wote na papa wote, akatoka mbio kwenda kwa msuka kamba. Mwanakombo akabaki akilitazama bakuli tupu, asijue afurahi ama apike tena.

Asubuhi ya Idi ikafika. Uani pakajaa watu kwa kanzu mpya na manukato, na kiti cha kupaa kikiwa kimetandikwa mto wa hariri, kimefungwa kamba, na wanaume sita wameishika. Sultani alikuwa ameketi kwenye zulia kandokando, amevaa joho, kitara kiunoni. Shaame alisimama kati ya askari wawili, na Mwanakombo nyuma ya umati, ushungi ameufunika mpaka machoni. Naye Faki akaingia na punda wa kuazima, punda amebeba magunia tisa madogo ya mchanga, na begani kwa Faki mwenyewe pana susu ya kamba nene, kubwa ya kumtosha ndama.

Akaifunga susu ile chini ya kiti, kwenye miguu yote minne, ikawa inaning'inia kiti kilipoinuliwa kidogo. Kisha akatia ndani yake gunia la kwanza.

"Azuiwe huyo," akasema Waziri Badawi. "Amekipakia kiti mzigo."

Faki akasema, "Bwana wangu, naomba Waziri aje aangalie, nani amekikalia kiti."

Waziri akaja, akaangalia. Mto wa hariri ulikuwa mtupu. Wakati ule ule akatokea nzi, akawa anauzunguka mto akitafuta pa kutua, na Faki akampepea kwa upepeo, akamwambia, "Toka wewe, si zamu yako. Mwenyewe yule pale." Watu wakaangua kicheko, na Sultani akauma ndevu zake asicheke.

"Juu ya kiti hapana kitu," akasema Sultani. "Amri yangu ilikuwa juu ya kiti. Mwacheni."

Basi Faki akatimiza magunia manne, kila gunia frasila moja. Wale sita wakavuta, kiti kikapanda mpaka roshani, kikashuka salama. Waziri akajishika kiuno kwa furaha, akasema, "Mmeona? Frasila nne. Hesabu imesimama, na mtu huyu akafungwe sasa."

"Hesabu imesimama kweli," akasema Faki. "Huyu ndiye Sultani kama alivyoandikwa. Lakini Bwana hatapanda kama alivyoandikwa, atapanda kama alivyokuja. Naomba niongeze vile alivyokuja navyo." Akatia gunia la tano, akasema, "Hili ni joho, na kilemba, na kitara, na pete." Kiti kikapanda, kikashuka. Akatia la sita, akasema, "Hiki ni kifungua kinywa cha Idi: kuku wa kupaka, mikate ya kumimina, tambi za maziwa." Sultani akaitikia kwa kichwa polepole, kwa kuwa hakuona cha kukanusha. Kiti kikapanda, na kapi kule juu likatoa mlio mwembamba.

Akachukua la saba. "Hizi ni sifa ambazo malenga amemvika Bwana kwa miaka thelathini."

Malenga akaruka, akasema, "Sifa hazina uzito."

"Hazina uzito?" Faki akamgeukia. "Basi Bwana amesikia. Miaka yote hii amekuwa akipewa kitu chepesi."

Malenga akarudi nyuma ya watu, akasema kwamba, akifikiri vizuri, sifa zina uzito kiasi. Gunia likaingia, kiti kikapanda kwa shida, kikashuka. Faki akachukua la nane, akasema, "Hii ni mizigo ya nchi. Ijumaa iliyopita nilimsikia Waziri Badawi kwa masikio yangu akisema nje ya msikiti kwamba Bwana wetu amebeba mizigo mizito kwa ajili yetu sote. Kama Waziri alisema uongo, niliondoe." Kiti kikapanda na mzigo wa nchi, mlio wa kapi ukawa mnene, kikafika roshani, kikashuka.

Likabaki gunia la tisa. Faki akaliinua, akasimama nalo kifuani. Hata punda akaacha kutafuna.

"Na hilo ni la nini?" akauliza Sultani.

Faki akasema kwa upole, "Hili sina jina lake, Bwana wangu. Nadhani Bwana analijua mwenyewe."

Sultani akamtazama. Akajitazama na tumbo lake, lililokuwa limetangulia mbele yake juu ya zulia. Miaka thelathini hakuna mtu aliyepata kumwuliza jambo hilo, wala yeye hakupata kulitaja, ila magoti yake yalikuwa yakimwambia kila siku ngazini. Akasema, "Litie."

Likatiwa. Wale sita wakavuta, mishipa imewatoka shingoni. Kiti kikapanda ngazi kumi, kikapanda ishirini, kikapanda thelathini, na kilipokuwa usawa wa roshani kule juu pakasikika kitu kimelia, ta, sauti ndogo tu kama kijiti kilichovunjwa kwa vidole. Kisha kiti na magunia vikaja chini vyote pamoja. Vumbi likafunika ua mzima, na lilipotua, mguu mmoja wa kiti ukabiringika taratibu mpaka ukaja ukagusa kiatu cha Sultani.

Sultani aliutazama mguu ule, kisha akainua macho kuitazama roshani, kisha akautazama tena mguu. Waziri Badawi akawa wa kwanza kupata ulimi, akasema, "Mshikeni seremala. Kazi yake imevunjika mbele ya Bwana." Askari wakamkamata Shaame mikono, na nyuma ya umati Mwanakombo akalia kwa sauti.

Lakini Faki alikuwa amekwisha kuingia katikati ya mabaki kwa magoti, akipekua mbao na mchanga, uso wake umekunjuka, maana sasa ilikuwa kazi yake. Akainua kamba, akaivuta, nzima. Akainua ubao wa kukalia, viungo vyake vimeshikana. Akalipata kapi lililoporomoka pamoja na kamba, na ndani yake akapata alichokitafuta, akakileta mbele ya Sultani kwenye kiganja. Kilikuwa msumari wa chuma ambao gurudumu la kapi huzunguka juu yake, umekatika vipande viwili.

"Bwana wangu," akasema, "mji mzima uliogopa kamba, nami pia niliogopa kamba. Shemeji yangu yeye aliogopa viungo. Hakuna aliyeuwazia msumari. Waziri na atuambie, karatasi ilisema uwe na unene gani?"

Waziri akaitazama karatasi, ijapokuwa aliijua kwa moyo. "Wa kidole cha mwisho," akasema. "Kwa frasila nne, kidole cha mwisho chatosha. Hesabu haina kosa."

"Haina," akasema Faki. "Na seremala akatia wa kidole cha mwisho, kama alivyoamriwa, naye hana kosa. Huu nao umechukua nne, ukachukua tano, ukazidisha mpaka nane kwa hisani yake. Mimi sikusema neno juu ya uzito wa Sultani, Bwana ni shahidi. Aliyesema ni msumari, na kama ni mwongo, basi na afungwe."

"Lakini amekivunja kiti cha Sultani," akasema Waziri, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hilo nakiri, na kwa hilo naomba radhi ya Bwana," akasema Faki, "kwa kuwa nimefanya kazi isiyo yangu. Miaka mingi nilijiuliza, mafundi wote wa Tumbari huniita kuvunja, mbona jumba la Sultani haliniiti? Nilipoingia ghalani ndipo nikafahamu. Jumba lina mvunjaji wake. Kitanda kikija, yeye hukijaribu kwa ubavu wake. Kigoda kikija, yeye hukijaribu kwa makalio yake. Mimi huvunja kwa magunia ya mchanga, yeye huvunja kwa mwili wa kifalme, na hata sahani ya wali hapewi. Heshima ya kwanza, Bwana wangu, ndiyo kazi yangu hii hii. Leo nimekushikia zamu tu."

Waliomjua Sultani Mundhiri wakaanza kumhurumia Faki. Kisha tumbo la Sultani likaanza kutikisika, likatikisika zulia, na kicheko kikamtoka hata kilemba kikaegemea sikio. Akacheka mpaka akatokwa machozi, na yale ya mwisho hayakuwa ya kicheko, maana jicho lake lilikuwa limerudi kule roshani. Akasema, "Mwacheni seremala. Na mafundi walioko gerezani wafunguliwe leo, wale sikukuu kwao. Hawakunitukana. Ni mimi niliyekuwa nikiwavunjia kazi zao."

Kisha akamwita Waziri, akamnong'oneza jambo sikioni. Waziri akatoa kalamu, akaandika, akauliza kwa sauti ya chini, "Tisa kamili, Bwana?"

"Na ratili saba," akasema Sultani. "Andika, na usimwambie malenga."

Siku ile Sultani akawapa watu mkono wa heri akiwa chini uani, nao wakamwona kwa karibu kuliko walivyopata kumwona, wakafurahi zaidi. Faki akaulizwa anataka zawadi gani, akaomba kigoda kimoja kizima, apate kujua mtu hujisikiaje. Akapewa cha mpingo, akakikalia vizuri jioni ile, na kesho yake asubuhi akakirukia kwa mazoea, kikaalika mguu.

Ikawa kiti cha pili kikaundwa, na heshima ya kwanza akaachiwa Faki, naye akakivunja. Kikaundwa cha tatu, msumari mnene wa kidole gumba, akakivunja nacho, safari hii kwenye pete ya kamba. Cha nne akakipakia, akakivuta, akakirukia, kikamshinda. Basi Sultani akaja na watu wake wote kukizindua, akakisogelea kiti, akageuka ili aketi, kisha akasita, mikono imeshika magoti.

"Faki," akasema, "uliweka frasila ngapi?"

"Kumi na nane, Bwana wangu."

"Kwa nini kumi na nane, nami ni tisa?"

"Tisa ni zako, Bwana," akajibu Faki, "na tisa ni za yale ambayo watu hawathubutu kukuambia."

Sultani akageuza uso, akawatazama watu wake. Waziri alikuwa akiitazama karatasi, malenga akiitazama ncha ya kiatu chake, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho. Akawatazama mmoja mmoja kwa muda mrefu, kisha akasogea kando ya kiti bila kuketi.

"Ongeza mbili," akasema.

Wakaongeza mbili, kiti kikapanda, kikashuka, hakikulia. Ndipo Sultani alipoketi, akapaa. Na hekaya yangu imefika naye roshani. Mwenye haraka ya kushuka, ngazi ni zile pale, arobaini na mbili.